Programu ya Bure na Komite ya Wazazi

Mbele ya gereji ya Ildephonse, hapa mtaani Buyenzi, kuna benchi lililotokana na kiti cha nyuma cha gari. Mimi nauza kahawa pembeni yake. Wanaolikalia wanauza maneno. Ildephonse tunamwita Buji, kama kile kiwashio cha injini, maana anawaka upesi na kuzimika upesi. Atumani ni Sheria, kwa kuwa alikuwa bawabu mahakamani. Musafiri, mtu wa Uvira ng'ambo ya mpaka, ni Televizyo: kila jambo amekwisha kuliona. Hawa watatu ndio komite ya wazazi wa shule yetu. Wiki iliyopita walimkataza Mwalimu Saliha kufundisha hesabu kwa programu fulani ya kompyuta, ordinateri kama wanavyoiita wao. Kosa la programu? Ni ya bure. Leo Saliha alikuwa anakuja kuchukua jibu la mwisho, na mtihani wa darasa la sita unabisha hodi.

Buji: Mi nasema apana. Mutu hawezi kutoa kitu bure. Leo anakupa, kesho anakuja kudai mutoto wako.

Sheria: Na mwenyewe hata hajulikane! Ati imetengenezwa na watu wengi, kila mutu anaweza kuifungua, kuibadilisha. Ikiharibika, utamushitaki nani?

Televizyo: Kule Uvira tuliona. Inakusanya makosa ya watoto, inayapeleka Ulaya.

Buji: Wazungu watafanya nini na makosa?

Televizyo: Wajue Burundi iko na shida kwa saba mara nane. Halafu watuuzie jibu.

Nikashindwa kunyamaza.

— We Buji, kila siku unafungua injini za watu, unatoa cha hapa unatia pale. Aliyezitengeneza alikupa ruhusa?

Buji: Mama Lubna, injini iko na adabu.

— Saliha naye ameifungua hiyo programu, ametoa hesabu za treni za Ufaransa, ametia za samaki wetu ndagala na basi ya kwenda Jabe. Hata watoto wa nyuma sasa wanaelewa.

Sheria: Ndagala ndani ya ordinateri! Leo ndagala, kesho atatutia na sisi.

Televizyo: Hamujaona ubaya wake. Ikijua kufundisha, itamutoa mwalimu. Halafu itakuwa direkteri wa shule. Halafu itaingia komite!

Hapo wakatazamana kwa hofu ya kweli. Watoto kutojua kugawanya hakukuwaharibia usingizi. Kupoteza viti vyao ndiko kuliwachoma.

Saliha akafika saa ya mapumziko, chaki ingali vidoleni. Akawasalimu mmoja mmoja, kwa heshima wasiyostahili.

— Wazee wangu, mumefikia wapi?

Sheria akakohoa, kama anasimamisha watu mahakamani.

— Komite imekataa. Tunataka programu ya kununua, iko na mwenyewe, iko na muhuri.

— Sawa, wazee. Mutainunua lini?

Buji akageukia gurudumu lililokuwa halina shida yoyote. Sheria akatafuta kitu mfukoni. Televizyo, aliyeona yote, hilo hakuwa ameliona.

Buji akanisogezea kikombe chake nimwongeze. Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa limejaa nusu. Nikammiminia Saliha, akanywa amesimama, akanishukuru, akarudi darasani na chaki yake tu. Wao wakabaki pale wamekaa, komite kamili.