Kengele ya Moshi Niliyoifunga Nailoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na kila aliye hai humu ndani, mimi nikiwa mmoja wao, na mama yangu yule pale benchi la mbele akiwa wa pili.

Kijiweni Kerege niliambiwa kwamba kengele za moshi, vile visahani vyeupe vinavyobandikwa darini, husikiliza maneno ya ndani ya nyumba. Zinasikia nani kagombana na mkewe, nani kanunua nyama, kisha jioni habari zote zinapaa kwenda kwa wenye kiwanda ng'ambo. Nililiamini jambo hilo kwa mikono miwili. Tena nikaliongezea, maana kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, na huko tulifundishwa kwamba sauti husafiri kwa mawimbi. Niliwaeleza wenzangu hayo mawimbi mpaka chai ya kijiwe kizima ikapoa.

Sasa, sisi tunaishi Bagamoyo, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni ya zamani: kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko zilizokauka kiasi kwamba ukikohoa chini yake unahofia zitawaka. Tulipoanza kuikarabati, mke wangu Neema akasema nyaya za umeme zikibadilishwa, na kengele ya moshi iwekwe, kwa ajili ya mama. Mama anasikia kwa sikio moja, analala chumba cha nyuma, na hapati usingizi bila kuwasha dawa ya mbu, ile iliyojizungusha kama konokono, hata mchana.

Dukani nilikwenda peke yangu. Muuzaji akanionyesha ya betri, ya umeme, na ya umeme yenye betri ndani. Hayo sikuyajali. Nilichagua yenye matundu madogo kuliko zote, ili isikie kidogo. Nikaibandika koridoni, mbele ya mlango wa mama, kisha nikaifunga nailoni mara mbili, na mpira juu yake, kama tunavyofunga rimoti ya televisheni.

"Baba Tumaini," Neema akaniuliza, "vumbi la mafundi limeisha. Hiyo nailoni ya nini tena?"

"Iache, ikae mpya."

Na katika nyumba zetu, ndugu zangu, nani atabishana na jibu hilo? Ikakaa mpya. Miezi ikapita haijatoa hata mlio, nami nikaisifu kwa adabu yake.

Jumamosi moja baada ya chakula, mama alijipumzisha. Mimi na Neema tulikuwa uani tunapaka ukuta chokaa. Kumbe shuka limeteleza kitandani, likaangukia ile dawa ya mbu. Likashika moto, na godoro la sponji likaanza kufuka. Sisi hatukujua. Mama, usingizini, hakujua. Kengele ndiyo ingejua, nayo ilikuwa imevaa koti la mvua.

Jirani yetu, Bi Mwanahawa, akaja kurudisha ungo. Akaita kutoka mlango wa mbele, "Hodi! We Baba Tumaini, mnapika nini humo?"

"Hatupiki, shangazi, tunapaka chokaa."

"Basi chokaa yako inanuka godoro. Njoo."

Nilikimbia mbio ambazo swala wa Saadani angenipisha. Koridoni mlikuwa na moshi wa meli tatu. Nilipapasa ukuta, nikamwita mama, hakuitika. Nilisema neno moja tu, "Bwana," la pili sikuwa nalo. Mkono wangu ukagusa mguu wake. Nikambeba mpaka barazani, huku Neema akimwaga ndoo nzima ya maji kitandani. Mama akakohoa, akakohoa tena, akafumbua macho.

"Mbona unanibeba kama gunia la mkaa?"

Tangu nizaliwe sijasikia swali tamu kama hilo.

Wiki ileile tukarudi dukani, safari hii na mama mwenyewe. Alisimama ng'ambo ya barabara, na muuzaji akawa anabonyeza kitufe cha kujaribia, kengele moja baada ya nyingine.

"Hiyo mbu!" mama akapaza sauti. Ya pili: "Hiyo mbuzi!" Ya tatu akashtuka mpaka kanga ikamwanguka. "Haya, hiyo. Hiyo ingeniamsha hata kaburini."

Ndiyo ile ya umeme yenye betri ndani, kwa siku umeme unapokatika. Tukachukua mbili, moja ya koridoni na moja ya chumbani kwake, zote mbali na moshi wa samaki wa kukaanga.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mama yangu kwa safari ya ungo. Nawe unayekarabati nyumba ya wazee wako, mkabidhi Yeye nyumba hiyo na wote wanaolala humo, kisha panda kwenye stuli ubonyeze kile kitufe.

Maana mimi, hata siku ile dukani, wasiwasi ulikuwa haujaniisha. Nilimwinamia muuzaji nikamnong'oneza kama na hii nayo inasikiliza maneno ya watu. Mama alikuwa ameshavuka barabara, na kwa sikio lake moja akanisikia.

"Mwanangu," akasema, "haimsikilizi mtu. Inanusa moshi, ikiunusa inalia. Ukiifunga nailoni, hainusi."