Droni Kabla ya Mama Olinda

Kivuko kilipoondoka Msangamkuu, Silvio, mwongoza watalii mlangoni mwa mto Ruvuma, alijikuta ubavuni mwa mama Olinda. Wote wawili walikuwa wanakwenda sherehe moja Mtwara mjini: Silvio kupewa cheti cha uokoaji, mama kueleza jinsi alivyookolewa. Bila cheti hicho, kibali cha kazi cha Silvio kisingeongezwa muda.

“Nikaseme nini huko, baba?”

“Sema maji yalijaa ukiwa kwenye fungu la mchanga unaokota chaza, nikaja na boti nikakutoa.”

“Na ile droni?”

Silvio akatazama bahari. Droni ya mtalii ilikuwa imeangukia fungu la jirani, na kampuni yake ina amri ya siku nyingi: mali ya mgeni kwanza. Amri za namna hiyo huandikwa na watu waliokaa pakavu.

“Zilikuwa dakika tano tu, mama.”

“Dakika tano zako! Maji yamenifika kifuani, viboko wawili wananitazama kama wakwe zangu, na wewe kule unaufuta mchanga ule mdude kama umeuzaa!”

Abiria wakaangua kicheko.

“Mama, nina watoto.”

“Hata mimi ninao. Na uliponivuta botini, neno lako la kwanza lilikuwa lipi?”

Silvio akanong’ona, “Nilisema usiikanyage droni.”

“Paza sauti, baba. Huko tuendako watakupa kipaza sauti.”

Kivuko kikagusa gati. Mama Olinda akawa wa kwanza kushuka.