Namba Mbili za Damu ya Mshale

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, kati ya kibanda cha fundi saa na kibanda cha kinyozi. Fundi saa, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mshale, hukaa ncha ya kushoto, karibu na meza yake. Wembe, kinyozi, hukaa katikati. Ncha ya kulia ni ya Daktari, mzee aliyewahi kulinda geti la hospitali miaka mitatu, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Mama Kahawa ana kigoda chake, na ndiye anayeamua nani kazidisha maneno. Ila Jumanne hiyo birika lake lilifunikwa kitambaa: kahawa marufuku mpaka Mshale atolewe damu.

Yalianza hivi. Kituo cha afya kilitafuta watu mia mbili wa kufanyiwa utafiti. Wapimwe kwenye damu homoni ya msongo, ile inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo, mara moja mtu akiwa nyumbani na mara moja akiwa pale anapopenda kushinda. Saa iwe ileile, maana homoni hiyo huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kusikia kuna kitu mwilini kinachofuata saa, Mshale akajiandikisha hapohapo, bila kumwambia mkewe.

Mkewe alipojua hakugomba. Alisema tu kwamba miaka yote amemwambia mabishano ya kijiweni yatamuua kwa presha, basi sasa damu iamue. Namba ya kijiweni ikizidi ya nyumbani, Mshale atakwenda kibandani, atafanya kazi, atarudi, na benchi atalipungia mkono tu. Mshale akakubali kiume, akajuta kabla hajamaliza chai.

Damu ya nyumbani ilishachukuliwa wiki iliyotangulia. Ikabaki ya benchi, saa nne kamili, na Wembe akaja na mpango. Ili kumwokoa mwenzao, wote wafunge midomo nusu saa nzima, homoni ishuke yenyewe. Daktari akaunga mkono, akafafanua kitaalamu kwamba homoni hiyo hupandia kooni, kwa hiyo asiyeongea haimpati. Wakaapa wote wanne.

Saa tatu na nusu dada wa utafiti akafika na kiboksi chake cha barafu. Akamkalisha Mshale, akasema lazima apumzike nusu saa kabla ya sindano, na wengine waendelee kama kawaida yao. Hakuna aliyeendelea. Wembe alizikodolea macho kucha zake. Daktari alifumba macho kama anayeombewa.

Mshale, miaka kumi na saba kwenye ubao ule, kwa mara ya kwanza akazisikia saa zake mwenyewe zikigonga kibandani, zaidi ya arobaini, kila moja na lake. Moyo nao ukajiunga. Hivi ndivyo asubuhi zake zitakavyokuwa akishindwa? Aliogopa, na jasho likamtoka kwapani. Akawapenda ghafla wote watatu, hata Daktari.

— Kwani kila siku mnakaa hivi, kama mko msibani? dada akauliza.

Shingo ya Wembe ikavimba. Alijitahidi, lazima tuseme kweli, alijitahidi sana.

— Dada, samahani, mimi neno moja tu. Hiyo homoni si inakaa kwenye nywele?

Kiapo kikaishia hapo. Daktari alifumbua macho na kumwambia aache kutia aibu mbele ya wageni, nywele na figo wapi na wapi. Wembe akasema yeye hanyoi kwa kubahatisha: alishamnyoa bwana harusi asubuhi ya ndoa, na nywele zile zilikuwa nzito mpaka ufagio ukagoma. Mama Kahawa akataka kujua wasiwasi wa mtaa mzima hutupwa wapi. Nyuma ya kibanda, Daktari akajibu, amesahau kwamba anapinga, na ndiyo maana paka wa pale halali. Na wenye vipara, akaendelea, kwao hushukia magotini.

— Yule paka halali kwa sababu ya redio yako! Mshale akamfokea Daktari. Magoti gani wewe, umeona goti linanyolewa?

— Tayari, dada akasema.

— Tayari nini?

Mkono wake ulikuwa umeshabandikwa pamba. Hakuhisi sindano. Dada akafunga kiboksi chake akicheka, akasema hata kwenye nywele homoni hiyo hupatikana kweli, wapo watafiti wanaoipima humo. Tangu siku hiyo Wembe anakunyoa kwa dharau kidogo.

Lakini Mshale alikwisha. Damu yake ilitoka akiwa anafoka. Wiki nzima alitengeneza saa kama mtu anayeaga.

Jumanne iliyofuata mkewe akaja mwenyewe na karatasi, imekunjwa mara nne. Benchi likaacha kunywa.

— Nyumbani, kumi na nane, akasoma. Hapa, kumi na moja.

Wembe alirusha kofia. Daktari akampa mkono kila mtu, akiwemo mpita njia. Mkewe akawasubiri wamalize. Alisema dada wa kituo amemwonya: namba mbili za mtu mmoja hazithibitishi kitu, wenyewe wanangoja za watu wote mia mbili. Yeye amesikia. Ila ana swali moja.

— Siku ile ya damu ya nyumbani nilikufungia milango, nikatuma watoto kwa shangazi yao, nikakunyamazia ili utulie. Sasa, baba watoto, nyumbani kwangu unaogopa nini?

Mshale akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Daktari. Daktari, aliyekuwa na jibu hata la magoti ya wenye vipara, akaona kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake.

— Sogeeni, akasema mkewe, akajibana kati ya mumewe na kinyozi. Nitakaa hapa mpaka nijibiwe.

Mama Kahawa akainamisha birika mpaka mwisho. Likatoa kikombe kimoja tu, akampa yeye.