Kichupa cha Marehemu

Kwenye treni ya asubuhi, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na futi ya ushonaji shingoni na jicho jekundu kama taa ya breki. Alitoa kichupa, akainua uso, akajidondoshea dawa. Treni ikatikisika, tone moja likaangukia goti langu. Nadhani sasa goti linaona vizuri.

Mzee wa miwani myeusi aliyekuwa kando yake akauliza, "Mama, dawa hiyo umeandikiwa na nani?"

"Aliandikiwa marehemu mume wangu, alipotolewa mtoto wa jicho. Ona, jina lake hili hapa."

"Kimefunguliwa tangu lini?"

"Miezi minane. Yeye ilimfaa."

"Jicho lako linaona?"

"Lina ukungu. Jana nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano."

Mzee akavua miwani. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kama chokaa. "Mimi nilitumia ya kaka yangu. Wekundu ulipungua, kumbe kidonda kinanila chini kwa chini. Hospitali ya macho iko karibu na stesheni hii tunayofika. Shuka nami."

Mimi mwenye utani kwa kila msiba nikatazama dirishani.

"Nikiitupa hii, mzee wangu, nitabaki na nini chake?"

"Bandua karatasi yenye jina. Dawa uitupe."

Treni ikasimama. Mzee akashuka, akaushikilia mlango. Mama alikuwa bado kitini, anatafuta ukingo wa karatasi kwa ukucha, na ukucha ulikuwa unakwaruza upande wa chupa usio na karatasi, mbali kabisa na jina.