Mama Utando na Taa ya Getini

Mkemia wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Utando, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia mitambo hii ya maji taka kwa miaka thelathini na mmoja. Tunasema rasmi kwa sababu jana alikuwa hapa, na leo asubuhi tumemkuta ameshatutangulia kufika kazini.

Alianza kwa kupima maji kama wakemia wote, na hatukuwa na shida naye. Shida ilianza aliposoma kwamba kuna bakteria ambao wakila uchafu hutoa umeme. Akaomba mapipa, akayaziba yasiingie hewa, akatumbukiza vibao vya kaboni vyenye nyaya, kisha akatutangazia kwamba maji ya choo yatawasha taa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mumewe hakucheka, maana ndoo ya mbegu, yaani tope lenye bakteria hao, ilihifadhiwa nyuma ya jiko lake.

Baada ya miaka mingi ya harufu na mabomba yaliyoziba, aliwasha taa ya getini. Moja! Mlinzi, aliyezoea kukagua vitambulisho kwa tochi ya simu, ndiye peke yake aliyeshangilia. Mkurugenzi alisema bila kumung'unya maneno kwamba taa hiyo ikizimika mwezi mzima, mapipa yatatolewa na chumba kitakuwa stoo.

Vibao hivyo hufunikwa na utando unaoteleza na kunuka, na utando huo ndio bakteria wenyewe. Ukiuosha, umewaua. Sasa waeleze hivyo watu ambao kazi yao yote ni kusafisha! Mama Utando alibandika ukutani tangazo kubwa, USISAFISHE, akamfukuza kila aliyepita na brashi, hata mkurugenzi. Alituchosha, tusifichane.

Halafu kamati ya kumuaga, Mungu awasamehe, ikaamua jengo zima ling'arishwe kwa heshima yake. Tangazo lilibanduliwa ili ukuta upakwe rangi. Jioni, keki ikikatwa, mlinzi akaja kusema taa imezimika. Mama Utando aliacha kisu ndani ya keki, akaenda kuvikuta vibao vyake vikimetameta na kunukia dawa ya sakafu. Alivinusa kimoja kimoja. Afadhali angetutukana.

Aliyeokoa jahazi ni mumewe. Alitoka ukumbini bila kuaga, akarudi na ile ndoo aliyoilalamikia miaka yote, tope limemwagikia suti yake. Tangu siku hiyo mstaafu wetu anakuja kila asubuhi kulea utando upya, na kila tukimwambia apumzike anatuuliza tumeosha nini tena.

Jana jioni, mwezi aliotupa mkurugenzi haujaisha, mlinzi alituita sote getini. Taa inawaka. Ni hafifu, lakini inawaka, na wengine wetu tulilia.

Asante kwa yote, Mama Utando, hata kwa harufu. Tunakutakia maisha mema, tena nyumbani kwako. USISAFISHE tumeiandika upya kwa rangi ya mafuta, na ufunguo wa chumba anao mlinzi. Nenda ukapumzike, mama.