Nabwire Hakusamehe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Nabwire, muuza mashuka wa soko la Owino. Nabwire alifariki wiki iliyopita hapa Kampala, kwa ugonjwa wa sikio. Narudia: sikio. Na leo sitasema kwa upole. Mnivumilie.

Nabwire alizaliwa Busia, upande wa Kenya. Mama yake alipofariki, baba alikuja naye Kampala akapata kazi kiwandani, Bugolobi. Mdogo wake Nabwire, Nakhisa, alibaki kwa bibi. Mchana Nabwire hakuwa na wa kumwangalia. Kanisa moja lilikuwa na makao ya watoto yaliyoitwa Shamba la Bwana. Baba akampeleka akaishi huko, akashukuru.

Huko Shamba la Bwana, mtoto akikojoa kitandani alipigwa mbele ya wenzake. Nabwire alikojoa. Matroni alimpiga sikioni hadi damu ikatoka, kisha akamfungia stoo ili baba akija asimwone. Hospitali hakupelekwa. Sikio la kulia halikusikia tena, na usaha haukukoma maisha yake yote.

Sokoni, wageni walidhani anaringa. Kumbe walimwita upande asiosikia. Lakini alikuwa mcheshi huyu mama! Akikuuzia shuka anakwambia, "Nyabo, bibie, na hii hata mama mkwe akilala kwako, huoni haya."

Ukubwani alikutana na Odyek, fundi cherehani aliyelelewa makao yaleyale. Wakaenda pamoja ofisi za kanisa. Walitaka kanisa likiri, na kanisa lilipe. Wakaambiwa matroni ameshakufa, makao yameshafungwa.

Ni kweli, yalifungwa. Kiwanja kikauzwa, na fedha zile zikajenga ukumbi wa harusi. Matroni alikufa, wasikilizaji. Fedha hazikufa.

Baadaye Mchungaji Fabiano, mkuu wa kanisa hilo, aliwaita. Alisema kanisa litagharamia upasuaji wa sikio, kama zawadi. Ila Nabwire asimame madhabahuni ashukuru, na asilitaje tena Shamba la Bwana.

Odyek alikuwepo. Ananisimulia: "Nabwire alimwambia, 'Mchungaji, zawadi mtu anapewa na rafiki. Nyinyi mliniumiza. Nyinyi lipeni.' Tukatoka."

Wapo watakaosema alikuwa na kiburi, angechukua tu apone. Kwa nini mgonjwa ndiye apige magoti? Aliyemuumiza amekaa kwenye kiti cha ngozi!

Nabwire akaanza kujichangia upasuaji mwenyewe. Hakuwahi. Usaha ulipanda ubongoni.

Kwenye matanga, Kawempe, Mchungaji Fabiano alifika na shada la maua. Akaomba kipaza sauti. Akasema marehemu alikuwa binti wa kanisa, na aliondoka amewasamehe wote.

Nakhisa aliinuka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Mchungaji. "Dada yangu hakusamehe," alisema. "Nilikuwa naye hospitali. Aliniambia, 'Wakija kunisemea, kataa.' Basi nakataa. Mchungaji, beba maua yako."

Odyek akasimama, akataja jina lake, akasema alivyochomwa mgongoni kwa pasi. Mama mmoja nyuma yake akasimama, naye akasema yake. Kisha mwingine. Watu ambao hawakuwahi kuwaambia hata waume zao. Mchungaji alikwenda garini watu wakiwa bado wanasema.

Wale waliosimama siku ile wamelishtaki kanisa. Mpaka leo kanisa halijalipa hata shilingi. Ila jana lilipiga simu hapa studio, likaomba kipindi hiki kisirushwe. Mnakisikia.

Nakhisa na jamaa wote wa Busia: poleni. Poleni sana. Odyek na wenzako, poleni pia, maana msiba huu ni wenu.

Nanyi mnaosali kwenye kanisa lile, mnajijua. Jumapili kapu la sadaka likikufikia, usilipitishe haraka. Lishike. Muulize mzee wa kanisa, kwa sauti, jirani asikie: "Watoto wa Shamba la Bwana, mmewalipa?" Usiliachie mpaka akujibu.