Filimbi Juu ya Tuta la Ndiva

Wenzangu wa kikundi cha maji, mlionizidi umri shikamooni, ingawa nikitazama humu naona mmebaki wawili, na mmoja keshasinzia. Nimeombwa niwape neno viongozi wetu wapya. Neno sina, shule niliacha darasa la pili. Nina habari ya mbuzi.

Utotoni nilichunga mbuzi wa mama upande ule wa bonde. Kifua nilikuwa nacho. Nikiita huku, mtu wa ng'ambo anaitika. Mama akitaka majirani waje kula makande hatumi mtu, ananiambia panda jiwe uite. Siku moja mbuzi jike akapotea, nikaita mpaka akaja mbio, nikajisifu nyumbani kwamba wanyama wananitii. Mama akauliza, "Na mkononi ulishika nini?" Nilishika magadi, ambayo mbuzi hupenda kulamba. "Haya," akasema, "endelea kusifu koo lako." Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa nikiwa na mke, na nilimwelewa kwa machozi.

Maana koo hilo ndilo lililonipa cheo. Wakati wa vijiji vya ujamaa tuliletewa meneja wa kijiji, kijana msomi, msafi, mwavuli mkononi na filimbi shingoni. Jina silitaji, ana watoto wake huko aliko. Na simsingizii: mambo ya mbolea aliyajua, maharage yetu yalikubali. Watu ndio hakuwajua. Alitafuta msimamizi wa kazi, akanisikia nikimfokea ng'ombe bondeni, akasema, "Huyo huyo." Hakuuliza mtu.

Nyie vijana msaragambo, kazi hii ya pamoja, mnaujua huu wa kuitwa majina. Ule wetu, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu, na aliyeita kazi ndiye anayetangulia kuingia matopeni. Haikuandikwa popote, lakini hata mtoto aliijua. Meneja akasema pembe ni mambo ya kale, tutatumia filimbi, na msimamizi akae juu ya tuta awaone wote. Nikakaa juu ya tuta. Nilipewa na viatu. Vilinibana, lakini ndugu zangu, nilivipenda viatu vile.

Basi masika yakabomoa tuta la ndiva, bwawa hili hili tunalogombania zamu leo. Mvua zikaisha, jua likashika, ndiva haikai maji, na shamba la kijiji kule chini, njia ya Maore, mahindi yanaanza kujikunja. Na wakubwa kutoka wilayani wanakuja kutembelea. Meneja akaamuru tuta lizibwe kesho yake. Kesho yake tunazika. Baba mmoja wa kitongoji chetu alikuwa amefariki, ameacha mjane na wadogo zake.

Nikamwambia, "Bwana Meneja, penye msiba jembe halinyanyuliwi, isipokuwa la kaburi."

Akasema, "Aliyekufa hahitaji maji. Mahindi yanahitaji. Au na wewe unapinga maendeleo?"

Neno hilo siku zile lilikuwa zito. Tukaenda wote mpaka msibani, akapuliza filimbi watu wakiwa wamezunguka kaburi, udongo haujarudishwa. Mimi sikupuliza. Lakini nilikuwa nimesimama ubavuni pake na viatu vyangu, na watu hawakumtazama yeye. Yeye mgeni. Walinitazama mimi.

Mngedhani walinitukana. Wapi. Walinisalimia vizuri mno. Watu niliotahiriwa nao, walioniita kwa jina la utani tangu utotoni, wakaanza, "Shikamoo Bwana Msimamizi." Mzee kabisa ananipa shikamoo! Nikiingia mahali pa pombe wanasimama wananipisha kigoda, halafu mazungumzo yanakufa. Kazini walikuja wote, filimbi ikilia wapo. Wanachimba kama kuku anavyoparua. Ukimwuliza mtu mbona hivyo, anajibu, "Nangoja maelekezo yako, Bwana Msimamizi." Tuta halikupanda. Mahindi yakazidi kujikunja. Nyumbani mke wangu, mjamzito, akaniambia, "Hakuna anayenikopesha hata kaa la moto. Umetufanya wageni kwetu."

Asubuhi moja uchungu ukamshika, na mtoto akakataa kutoka. Mkunga akasema hapa siwezi, mteremsheni hospitali. Barabara haikuwepo, ni machela, na machela si kazi ya mtu mmoja. Nikatoa pembe ya msaragambo, iliyokuwa imetundikwa tangu filimbi ije, nikapiga. Nikasikia majembe ya watu yakinyamaza migombani. Nikashukuru Mungu. Halafu nikayasikia yakianza tena.

Nikapiga mpaka midomo ikafa ganzi. Kifua changu chote, na hakuna aliyekuja.

Ndipo nikamwona yule mjane anapanda njia, kitambaa cha msiba kichwani, nyuma yake shemeji zake wamebeba miti ya machela.

"Umeita?" akaniuliza.

"Nimeita, mama."

"Kwa pembe ya nani?"

"Ya kwenu."

"Vua hivyo viatu, utateleza. Shika mbele, uzito wote wa mteremko unakaa mbele."

Nikashika mbele. Njiani akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Tunambeba huyu. Wewe hatujakubeba. Wewe utajibeba mwenyewe mpaka matopeni."

Mke wangu alipona, na mtoto yule ndiye huyo bibi anayewauzia tangawizi pale njia panda. Niliporudi sikwenda nyumbani. Niliingia kwenye bomoko la tuta bila viatu, nikaanza kupakua tope. Sikumwita mtu. Mmoja akaja akachimba kando yangu kimya. Halafu wengine. Jioni mtu akaniita kwa jina langu la utani, nikainama nijifanye natafuta jembe.

Kabla sijasahau, maana nasahau: asante mama yule, ametutangulia, na asante shemeji zake na wote walioacha migomba yao. Na nyie mliochaguliwa leo, mnanipigia makofi bure. Kabla ya kupiga pembe, jitazameni mmesimama wapi na mmeshika nini. Ni hilo tu.

Eh? Meneja? Kumbe sijamalizia. Alikuja tukiwa tumefika kifuani kwa tope, akanikuta. "Msimamizi, toka humo, wageni wanakuja. Msimamizi hachafuki." Nikamwambia, "Bwana Meneja, filimbi yako haifiki huku chini." Akapuliza. Hakuna aliyeinua kichwa, watu wanachimba tu, na safari hii wanachimba kweli. Mjane akamnyooshea mpini wa jembe, kwa adabu kabisa: "Karibu baba, nafasi ipo hapa karibu yangu."

Akaweka mwavuli juu ya jiwe. Akavua kiatu kimoja, akavua soksi, akaikunja vizuri. Tukasogea, tukamwachia nafasi. Akalitazama lile tope kwa muda. Halafu akavaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba, akashika njia ya kushukia Same. Tulidhani anafuata buti. Yule mama akasema, "Msiizibe nafasi yake, ataikuta," na tukaendelea kuzunguka ile nafasi yake mpaka giza likaingia, mwavuli uko pale juu ya jiwe.